Kibali cha ghorofa kisiwe siri ya ofisi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila mkazi wa katikati ya Jiji la Dar es Salaam analiona akiinua macho tu, lakini ambalo undani wake haufikiki kirahisi hata kwa mwenye nia ya kuujua. Nakusudia maghorofa ya makazi yanayoendelea kupanda Upanga, Kisutu, Mchafukoge na Kariakoo, pamoja na karatasi zinazoyaruhusu kupanda. Hoja yangu ni moja. Kibali cha ujenzi wa jengo la ghorofa, kikiwa kimetaja idadi ya ghorofa zilizoidhinishwa, kina cha uchimbaji na matumizi ya kila sehemu ya jengo, kinapaswa kuwa waraka wa wazi, unaobandikwa mbele ya eneo la ujenzi na kusomwa na jirani, mpangaji, mnunuzi au mpita njia yeyote, bila mtu kuandika barua ya maombi wala kulazimika kumfahamu mtu ofisini.

Nitangulize kusema kwamba mimi si miongoni mwa wanaoyachukia maghorofa. Nimefanya kazi ya ukadiriaji majenzi hadi nikastaafu, na watoto wangu wamesomeshwa na fedha iliyotokana na zege na nondo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Watu hao milioni moja walioongezeka katika miaka kumi wamelala wapi? Wengi wao wamekwenda Chanika, Bunju, Mbagala na Mbezi, na wapo wengine, nje ya hesabu hiyo, waliovuka kabisa mpaka wa mkoa wakaingia Kibaha. Huko kiwanja kinapatikana, lakini mfanyakazi anayetakiwa kuwa Posta asubuhi huamka saa kumi alfajiri ili awahi usafiri, na jioni hurudi nyumbani watoto wameshalala. Mtu huyo huyo akipata chumba na sebule Upanga, atakwenda kazini kwa miguu. Serikali imejenga njia za mabasi ya mwendokasi zinazofanya kazi tangu mwaka 2016, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inaondoka Stesheni, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja. Mambo hayo yamegharimu fedha nyingi za umma, na ni haki kabisa kwamba watu wengi zaidi waishi karibu nayo. Jiji linalotanuka kila siku upande wa bara huku katikati yake kukibaki nyumba za ghorofa mbili lingekuwa linapoteza ardhi iliyo bora kuliko zote.

Kuhusu sura ya jiji pia sina ugomvi mkubwa. Wazee wenzangu hulalamika kwamba mtu akiwa kwenye pantoni akitokea Kigamboni, minara ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na ile ya Azania Front, makanisa yaliyojengwa enzi za Wajerumani, siku hizi inaonekana imesimama miguuni mwa majengo ya vioo. Ni kweli. Lakini majengo yale marefu ya mbele ya bandari, kama minara pacha iliyojengwa na mfuko wa pensheni wa PSPF na jengo la Mamlaka ya Bandari, yamejengwa na taasisi kubwa, kwenye viwanja vinavyoeleweka, na kila mtu anajua nani wa kumuuliza. Kinachonishughulisha kiko nyuma ya pazia hilo la mbele, kwenye mitaa myembamba ya ndani, ambako jengo la ghorofa kumi na nne la makazi linasimamishwa kwenye kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya duka na familia moja juu yake.

Mitaa hiyo ina historia yake, na bila kuigusa walau kwa ufupi mambo mengine hayaeleweki. Uhindini ya zamani, yaani eneo la mitaa ya leo ya Jamhuri, Libya, Zanaki na Indira Gandhi, ilijengwa na wafanyabiashara waliofungua duka chini, wakaishi juu, wakaweka roshani mbele na kuchonga mwaka wa ujenzi kwenye kilele cha ukuta. Upanga ikafuata baadaye, hasa miaka ya 1950, ikiwa na nyumba za ghorofa chache zenye nafasi na miti. Mwaka 1971 Serikali ilitunga sheria ya kutwaa majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikawa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa miaka mingi nyumba hizo zikawa na wapangaji wa kodi ndogo na matengenezo madogo vilevile. Ilipokuja sera ya ubia, mwekezaji binafsi akileta fedha na shirika likileta kiwanja, zile nyumba za roshani zikaanza kubomolewa moja baada ya nyingine. Halafu ikaja Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008, ambayo ilimwezesha mtu kuwa na hati ya fleti yake peke yake bila kumiliki jengo zima. Tangu hapo ghorofa likawa bidhaa inayoweza kuuzwa kwa vipande, hata kabla msingi haujakauka, na hapo ndipo biashara ilipochangamka.

Sasa nieleze kinachotokea mtaani jengo la namna hiyo linapoanza, kwa sababu wanaotoa vibali hawaishi jirani na vibali vyao. Kwanza huzungushwa mabati. Kisha kijiko kinaingia na kuanza kuchimba, kwa kuwa kila jengo linahitaji maegesho na maegesho yanakwenda chini ya ardhi. Udongo wa pwani yetu una mchanga mwingi na maji hayako mbali, kwa hiyo baada ya mita chache pampu inafungwa na maji yanamwagwa barabarani usiku na mchana. Maji yakivutwa kutoka shimoni, hayatoki kwenye shimo peke yake. Yanatoka pia chini ya nyumba ya jirani, ambayo msingi wake ulichimbwa na mafundi wa miaka ya thelathini kwa kina cha kiuno cha mtu. Mchanga ukipoteza maji hujipanga upya, na nyumba hushuka kidogo upande mmoja. Katika mtaa ninaoishi, jirani mmoja alipoona ufa kwenye ukuta wa jikoni alibandika juu yake kipande cha karatasi kwa gundi, akaandika tarehe kwa kalamu ya wino. Karatasi ilichanika katikati kabla ya mwezi kwisha. Akabandika nyingine juu yake, nayo ikachanika. Tulipokwenda kuuliza getini shimo litakwenda chini kiasi gani, msimamizi, kijana mwenye adabu kabisa, alitujibu kwamba yeye anachimba anachoelekezwa na kwamba michoro iko kwa bosi.

Mbele ya mabati palikuwa na bango. Bodi zinazosimamia makandarasi, wahandisi na wabunifu majengo zinataka mabango hayo yawepo, na ni utaratibu mzuri. Lilikuwa na jina la mwenye mradi, la mbunifu, la mhandisi mshauri, la mkadiriaji na la mkandarasi, kila moja na nembo yake. Lilikuwa limeandikwa kwa Kiingereza, kama yalivyo karibu yote, ingawa wanaolisoma kutwa nzima ni wauza kahawa na madereva wa bajaji. Neno moja tu halikuwemo: ni ghorofa ngapi. Lilionyesha picha nzuri ya jengo lililokamilika, lenye miti ambayo hakuna mahali pa kuipanda, na ukihesabu madirisha kwenye picha hiyo unapata jibu ambalo huwezi kujua kama ndilo lililoidhinishwa au ni ndoto ya mchoraji.

Je, idadi ya ghorofa inamhusu nini jirani? Hapo ndipo naomba wasomaji wanivumilie, maana jambo hili limeshatugharimu maisha ya watu. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likiendelea kujengwa karibu na makutano ya Mtaa wa Indira Gandhi na Barabara ya Morogoro lilianguka lote kwa mkupuo, likaua watu 36, wakiwamo mafundi, wapita njia na watoto waliokuwa wakicheza pembeni. Taarifa zilizotolewa siku zile zilieleza kwamba kibali kilikuwa cha ghorofa 10 na jengo lilikuwa limefika ghorofa 16. Naomba tutafakari tofauti hiyo. Ghorofa sita haziongezwi usiku mmoja. Kila moja ilihitaji mirunda, mbao, nondo, magari ya kokoto na zege lililomwagwa mchana kweupe, katikati ya mji, mbele ya maelfu ya watu waliopita Barabara ya Morogoro kila siku. Watu wote hao walikuwa na macho na walijua kuhesabu. Walichokosa ni ile namba moja, kumi, ambayo ilikuwa imefungiwa kwenye faili. Kama ingekuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye bango, siku mafundi walipoanza kupanga nondo za ghorofa ya kumi na moja hata mwanafunzi wa darasa la tatu wa madrasa ya jirani angeuliza.

Kwa wasio wa fani yetu nifafanue kidogo kwa nini ghorofa za ziada zinaua. Nguzo ya chini kabisa hubeba uzito wa kila kilicho juu yake: slabu, kuta, matangi ya maji, samani na watu. Mhandisi anapoipa nguzo hiyo upana wake na idadi ya nondo zake, na anapoamua msingi uwe wa aina gani, anafanya hesabu kwa idadi maalumu ya ghorofa, akiongeza kiasi fulani cha tahadhari. Tahadhari hiyo imewekwa kwa ajili ya makosa ambayo hayaepukiki, kama zege lililozidi maji kidogo, nondo iliyokaa pembeni au kokoto yenye vumbi. Anayeongeza ghorofa anaila ile tahadhari, kisha makosa ya kawaida ya mafundi yanabaki bila kinga yoyote. Tena anayeongeza ghorofa mara nyingi ni mtu mwenye haraka. Zege hupimwa nguvu zake likiwa na umri wa siku 28, lakini kwenye eneo linalokimbizana na riba ya benki mirunda hung'olewa mapema ili ikashikilie slabu ya juu, na hivyo slabu changa hubebeshwa changa mwenzake. Hayo hayaonekani ukiwa barabarani. Idadi ya ghorofa inaonekana.

Na vishawishi vyake navijua kwa kuwa nilikuwa nikivipigia hesabu. Katikati ya jiji gharama kubwa ni kiwanja. Ukishakilipia, ukamaliza msingi na kufunga lifti, ghorofa unayoongeza juu haikudai tena bei ya kiwanja wala ya msingi, na inauzwa ghali kuliko iliyotangulia kwa sababu mnunuzi analipia upepo wa bahari. Ghorofa za mwisho ndizo faida yenyewe. Mwekezaji aliyepata kibali cha kumi anapofika ya kumi na kuona wateja bado wamepanga foleni, anahitaji uadilifu mkubwa kuteremsha mbao zake. Wapo wenye uadilifu huo, nimefanya kazi nao. Lakini mji haujengwi kwa kutegemea kwamba kila mtu atakuwa mwadilifu mbele ya fedha ya kiasi hicho.

Tarehe 16 Novemba 2024 tukarudishwa tena kwenye msiba. Jengo la ghorofa nne lililokuwa likitumika kwa biashara lilianguka Kariakoo asubuhi ya Jumamosi, watu wakiwa ndani. Waliokwama chini walisikika wakiomba msaada, waokoaji wakawapitishia hewa na maji kwenye matundu, na hadi mwisho vifo vilikuwa si chini ya 29. Waziri Mkuu wa wakati ule aliunda tume, na Rais aliagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe. Sina ugomvi na tume. Tunazijua tangu zamani. Ninachosema ni kwamba ukaguzi unaofanywa baada ya msiba humkuta jirani akiwa ameshazikwa. Kariakoo ni mahali ambapo nyumba za kupangisha, stoo za mizigo na fremu za maduka vimepandana katika jengo moja, na ambapo mwenye fremu ya chini anaweza kugundua siku moja kwamba nyuma ya ukuta wake panachimbwa stoo ya chini ya ardhi. Mtu huyo aliyelipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo alitakiwa ajue, kabla sululu ya kwanza haijashuka, kama uchimbaji ule una kibali au hauna, na kama unacho, unaishia wapi.

Kwa hiyo kinachohitajika kuandikwa kwenye bango si kingi. Namba ya kibali na tarehe ya kutolewa kwake, idadi ya ghorofa juu ya ardhi na chini ya ardhi, kina cha shimo kwa mita, idadi ya fleti na ya maegesho, pamoja na namba ya simu ya ofisi ambayo mtu akiona tofauti atapiga. Yote hayo kwa Kiswahili na kwa herufi ambazo mtu aliye ng'ambo ya barabara anazisoma. Endapo mwenye jengo ataomba kuongeza ghorofa, jambo ambalo sheria haimkatazi akifuata utaratibu, maombi yake yatangazwe kama yanavyotangazwa magazetini makusudio ya kubadili matumizi ya ardhi, isipokuwa herufi ziwe kubwa kidogo kuliko zile tunazozizoea, na majirani wapewe muda maalumu wa kutoa hoja zao kwa maandishi na kujibiwa kwa maandishi. Nakala hiyo hiyo iwekwe kwenye tovuti ya halmashauri na kwenye ubao wa serikali ya mtaa. Gharama ya bango zima haifiki bei ya lori moja la zege.

Nimewahi kulisema jambo hili mbele ya wenzangu wa sekta ya ujenzi, na pingamizi nilizopata zinastahili kujibiwa. Wengine walisema kwamba majirani watatumia taarifa hizo kwa fitina, kwamba kila mwenye wivu atapeleka pingamizi na miradi itakwama. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana nasema muda wa pingamizi uwe na mwisho na hoja ziwe za maandishi. Mtu anayepinga kwa sababu tu hampendi mwenye jengo atajikuta hana la kuandika. Wengine walisema kwamba taarifa za jengo ni siri ya biashara. Idadi ya ghorofa itakuwaje siri wakati jengo lenyewe litasimama hapo miaka hamsini likihesabiwa na kila apitaye? Mmoja, tena mhandisi, aliniambia kwamba wananchi hawaelewi michoro. Hilo nalikubali, nami siombi michoro. Naomba namba, na Mtanzania aliyezoea kusimamia hesabu za vikoba na michango ya harusi hashindwi kuelewa namba.

Uzito wa jengo hauishii kwenye nguzo zake. Mtandao wa majitaka wa katikati ya jiji ulianza kujengwa enzi za Waingereza kwa ajili ya mji mdogo zaidi, na tangu hapo umekuwa ukipeleka uchafu wake baharini. Nyumba iliyokuwa na familia mbili ikigeuka jengo la fleti arobaini, bomba la mtaani halinenepi. Ndiyo maana katika baadhi ya mitaa ya Upanga chemba hufumuka hata siku zisizo na mvua, na maji yake hupita mbele ya milango ya watu wa chini huku watu wa juu wakivuta upepo. Upande wa maji safi ni vivyo hivyo: jengo jipya huchimba kisima, jirani yake naye akachimba chake, wote wakivuta kutoka kwenye hifadhi ile ile iliyo jirani na bahari, hadi maji yanakuwa ya chumvi na usiku maboza yanaanza kuvuma. Laiti idadi ya fleti zilizoidhinishwa katika kila mtaa ingekuwa wazi, DAWASA, yaani mamlaka ya maji ya jiji, na wananchi wangeweza kuzijumlisha na kuuliza mapema bomba la mtaa huo linatosha au halitoshi. Leo hesabu hiyo inafanywa na chemba. Kuhusu magari yanayoegeshwa juu ya njia za waenda kwa miguu sitasema zaidi, kila mtu anayaona, na magari ya Zimamoto yakihitajika kupita ndipo tutakapoyaona vizuri zaidi.

Yupo mtu mwingine ambaye kwa kawaida hatajwi katika mjadala huu, naye ni mnunuzi. Kijana aliyekopa benki akanunua fleti ghorofa ya kumi na mbili anaamini amenunua mali. Kwa muda mrefu aliambiwa bei kwa dola, mpaka kanuni za mwaka 2025 zilipozuia kutangaza bei kwa fedha za kigeni nchini, na kwa dola au kwa shilingi alilipa malipo ya awali jengo likiwa bado shimo. Alionyeshwa picha, alionyeshwa jiko la mfano, aliambiwa kuhusu lifti mbili na jenereta. Je, alionyeshwa kibali? Ikiwa kibali ni cha ghorofa kumi, hati ya sehemu ya jengo iliyo ghorofa ya kumi na mbili itatokana na nini? Mtu huyo atakaa miaka mingi akiahidiwa hati, akilipa mkopo kwa mali isiyotambulika, asiweze kuiuza wala kuiweka rehani, na ikitokea amri ya kubomoa ghorofa zilizozidi, zitakazobomolewa ni za kwake. Dalali atakuwa ameshahama namba. Bango la wazi lingemlinda mnunuzi huyu kuliko wakili, maana angelisoma kabla hajatoa hata shilingi. Na mwekezaji mwadilifu angelipenda, kwa kuwa lingemtofautisha na jirani yake anayeuza hewa.

Nitoe mfano wa upande mwingine, ili nisionekane mtu wa kulaumu tu. Magomeni Kota, ambako wapangaji wa kota za zamani walihamishwa, wakasubiri miaka mingi na hatimaye mwaka 2022 wakakabidhiwa nyumba mpya za ghorofa, kaya zilizohusika zilijulikana tangu mwanzo kuwa 644, na ndiyo fleti zilizojengwa. Wakati wa kusubiri kulikuwa na manung'uniko mengi na ya haki. Lakini kwa kuwa namba ilikuwa mdomoni mwa kila mtu, hakuna aliyeweza kusema kimyakimya kwamba nyumba ni mia tano, wala kupandisha jengo jingine pembeni bila watu kuuliza la nani. Wakazi walikuwa wakiidai Serikali kwa namba, na Serikali ikawajibu kwa namba hiyo hiyo. Nashangaa kwamba jambo lililowezekana kwa wapangaji wa kota linaonekana gumu kwa mitaa yenye ardhi ya bei kubwa kuliko yote nchini.

Sijui ni kwa nini tumeyaachia majengo marefu kuliko yote tuliyonayo yaendeshwe kwa usiri kuliko nyumba ya chumba kimoja ya Mbagala, ambayo mjumbe, jirani na fundi wote wanajua itakuwa na vyumba vingapi na choo kitakaa upande gani. Labda ni heshima tuliyonayo kwa fedha nyingi. Mtu mwenye kijiko na kreni hatumuulizi maswali tunayomuuliza mwenye sururu. Halmashauri ya Jiji inayo mamlaka ya kuweka sharti la bango kwenye vibali itakavyovitoa kuanzia sasa, bila kusubiri Bunge na bila kuunda tume, na kwa majengo yanayoendelea kujengwa inaweza kumtaka kila mwenye kibali alitundike ndani ya siku 30.

Kwako wewe, Mhariri, nina ombi la pili. Wapeleke waandishi wako katika mitaa ya Kisutu, Mchafukoge, Upanga Mashariki na Upanga Magharibi wakahesabu ghorofa za kila jengo linalojengwa hivi leo, kisha waziombe mamlaka zinazotoa vibali idadi iliyoidhinishwa kwa kila kiwanja, na gazeti lichapishe safu hizo mbili za namba, moja kando ya nyingine, bila maelezo mengine yoyote.

Wasalaam,

Mkadiriaji majenzi mstaafu,
Upanga Mashariki, Dar es Salaam